Mshazari wa Mlango wa Papa Lidia

Vijana wangu, kuna kipande cha mbao kimetundikwa kwenye ukuta wa atelie, karakana yetu hii, juu ya meza ya randa, na kila mara mmoja wenu anatafuta njia ya kukishusha. Mmoja alitaka kukifanya mguu wa kiti. Mwingine alikipima kwa macho siku mvua ilipolowesha makaa, nikamwona. Nimewakemea bila kuwaeleza, kwa sababu nikianza kueleza jambo hili sauti hunikatika, na sipendi mnione hivyo. Lakini sasa mikono inatetemeka, siwezi tena kufuata mstari wa msumeno, na kazi nimewaachia ninyi. Basi nieleze nikiwa bado na akili zangu, halafu mtaamua wenyewe kama mna moyo wa kukichoma.

Kipande hicho ni mshazari. Wazee waliofundishwa na mafundi wa misioni waliuita esharpe, kwa sababu unakatiza mlango kama ule utepe ambao meya huuvaa kifuani siku ya kufungisha ndoa. Ninyi mmekulia kwenye milango ya chuma, kwa hiyo nitaanza mwanzo, mnivumilie. Mlango wa mbao ni mbao za kusimama zilizopangwa bega kwa bega, zikashikwa kwa nyuma na mbao mbili za kulala, moja juu na moja chini. Ukiishia hapo, una mlango mzuri wa kupigia picha. Baada ya mvua mbili tatu utaanza kushuka upande wa kitasa, utakwaruza sakafu, na mwenye nyumba atakuwa anauinua kwa mguu kila asubuhi huku akilitaja jina lako. Kinachozuia aibu hiyo ni mbao ya tatu, inayotoka pembe moja kwenda pembe nyingine. Haikusimama wala haikulala. Mteja akiiangalia anafikiri ni urembo, au anafikiri umemlia mbao yake. Kumbe uzito wote wa mlango unashukia ndani yake mpaka kwenye bawaba ya chini.

Mguu wa mshazari unakaa chini upande wa bawaba, na kichwa chake juu upande wa kitasa. Shikeni hilo hata kama mengine yote mtayasahau. Siku hizi nawaona mnauchomelea kwenye milango ya chuma, mmoja unaelekea Mahagi kaskazini, mwingine unaelekea Nyankunde kusini, na hamwoni haya. Chuma kinawasamehe kwa sababu kimeshikana chenyewe. Mbao haina msamaha wa namna hiyo.

Aliyenifundisha ni Muzee Upio, mtu wa Mahagi, mfupi, mkali, mwenye sikio moja lililokunjamana. Alikuwa na desturi ya kusimulia makosa yake mwenyewe kabla mtu mwingine hajayasimulia. Alipokuwa kijana walimpa kazi ya milango ya shule nzima, na yeye kwa kutaka sifa akakata mishazari yote kwa mpigo, yote ikielekea upande mmoja.

"Nikajiona fundi mukubwa," alituambia. "Kumbe nusu ya milango inafungukaka mukono ya kuume, nusu mukono ya kushoto. Mvua ikakuya, ile ya kushoto yote ikalala. Batoto ya masomo wakanitungia wimbo. Mpaka leo nikipita kule kuko wamama wananicheka, na ni bale batoto."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akatazama kazi zetu moja moja, na hakuna aliyethubutu kucheka naye.

Kabla hajaniruhusu kwenda kufanya kazi peke yangu, aliniita akanikabidhi mshazari mkongwe uliong'olewa kwenye mlango uliooza. Akaniambia nimtengenezee upya mlango uleule ulikotoka mshazari huo. Nikamuuliza mlango wenyewe uko wapi nikaupime.

"Haiko tena," akasema. "Iko tu hii unashika."

Nilikasirika. Nilidhani mzee ananitania ili nionekane mjinga mbele ya wenzangu. Nilikaa na ile mbao mapajani tangu asubuhi hadi wenzangu walipokuwa wanakula, nikiigeuza huku na huku, ndipo nikaziona ncha zake. Zilikuwa zimekatwa hanamu, kila moja ili ikae sawasawa juu ya mbao ya kulala. Ukiiweka ncha ya chini ikalie meza vizuri, mbao yenyewe inainama kama ilivyokuwa imeinama maisha yake yote mlangoni. Hapo unapima kutoka mezani hadi juu, unapata nafasi iliyokuwa kati ya mbao mbili za kulala. Unapima kutoka mguuni hadi chini ya kichwa chake, unapata upana. Kisha unaongeza shibiri moja juu na shibiri moja chini, kwa sababu Muzee Upio na sisi wanafunzi wake wote tuliacha shibiri hiyo kati ya ncha ya mshazari na ukingo wa mlango, hatukuzidisha wala kupunguza. Mlango mzima ulikuwa pale mapajani mwangu, na mimi nilikuwa naulizia uko wapi.

Nilipomletea mlango aliugonga kwa kidole, akausukuma, akasema, "Aya. Enda kazi."

Kuna jambo lingine alilonifundisha, nalo halihusu mbao. Mnajua kwamba atelie ya seremala ndiyo pia inayotoa masanduku ya kuzikia. Ninyi mkiona mteja anazungukazunguka mnapandwa na hasira. Mtu anaingia, anapapasa mbao, anauliza habari za watoto, anauliza kama mvua itanyesha. Anasema alikuwa anapita tu. Msimkatize mtu huyo, na msitoe mita mbele yake. Muulizeni watoto wake nao, mwambieni mvua itanyesha au haitanyesha, ngojeni. Atafika mwenyewe kwenye alilojia, na pengine hatalitaja kabisa, atagusa tu ukuta au nguzo kukuonyesha marehemu alikuwa wa kimo gani. Mimi nikiwa mwanafunzi niliona hayo ni kupoteza wakati. Nilimuuliza baba mmoja waziwazi kama anataka jeneza. Aliirudisha mbao mahali alipoitoa, akaaga kwa heshima, akaenda kwa fundi mwingine. Muzee Upio hakunisemesha mpaka kesho yake.

Na siku nilipotengeneza sanduku langu la kwanza niliweka mshazari kwenye kifuniko, kwa mazoea ya milango. Mzee aliuangalia, akaniangalia mimi.

"Ju ya nini hii? Unaogopa atakuwa anafungua-fungua?"

Tulicheka siku nzima.

Baada ya hapo nilizunguka vijiji vya Djugu nikitengeneza milango, kijiji hiki wiki hii, kingine wiki nyingine, nikilala kwa wenye nyumba na kula walichokula. Katika kijiji kimoja nilimkuta kijana aliyetoka kuoa, amejenga nyumba ya udongo yenye bati, na anataka mlango wa libuyu, ile mbao ngumu ya msituni. Mbao alizibeba mwenyewe kutoka barabarani. Ndiye huyo baadaye aliyekuja kuitwa Papa Lidia, yaani baba yake Lidia, ingawa wakati huo Lidia alikuwa bado hajazaliwa. Alisimama kando yangu kazi yote, akiuliza kila kitu kinafanya nini. Nilipomweleza kazi ya mshazari alifurahi kupita kiasi. Kila mgeni aliyepita alivutwa mkono mpaka nyuma ya mlango ili aonyeshwe. "Unaona hii ya kuinama? Hii ndiyo inabeba yote." Mke wake, ambaye hakupenda kusema jambo kwa kulinyoosha, aliambia jiko lake kwamba pengine sasa mlango utaenda pia kuchota maji.

Miaka ilipita. Kisha vita vikarudi kule, mnajua wenyewe, wengine wenu ndivyo mlivyofika hapa. Watu waliingia hapa Bunia na magodoro, masufuria, mbuzi, mabati waliyoyang'oa wakayakunja. Nilienda kwenye kambi moja kusaidia kusimamisha miti ya vibanda, na katikati ya mahema yale nikauona mlango wangu. Nilitambua shibiri ya juu na shibiri ya chini kabla sijamtambua mtu aliyeketi kando yake. Alikuwa amekonda, nywele zimeanza mvi, mabega yamechubuka mahali kamba zilipopita.

"Papa Lidia," nikasema, "ulibeba mulango?"

"Nyumba ilinishinda kubeba, fundi." Akacheka. "Bati kila mutu anaitaka, wangeninyanganya mu njia. Mulango hakuna mwenye anaitaka."

"Na batoto?"

"Mama Lidia alibeba batoto. Mi nilibeba mulango."

Kutoka ndani ya kibanda nilimsikia Mama Lidia akizungumza na kuni. "Sufuria ilibaki. Lakini si neno, siku moja mulango itatupikia maharagi."

Papa Lidia alicheka tena, kisha akaacha. Alinishika mkono kama alivyokuwa akiwashika wageni wake zamani. "Fundi, mutu mwenye iko na mulango iko na nyumba. Nyumba iko mbali tu. Tukirudi, bati tutatafuta, ukuta tutapaka udongo. Mulango itakuwa iko."

Shida ilikuwa kibanda. Paa la plastiki lilikuwa chini, mlango ulizidi urefu, na vijana waliokuwa wakijenga walimwambia aukate. Wenzake pia walimwambia. Aliniuliza mimi, na macho yake yaliniomba nikatae. Ningeweza kuukata upesi sana. Lakini msumeno ungepita juu ya mshazari, na mlango uliokatwa mshazari hausimami tena popote, na kwenye fremu ya nyumba yake usingerudi kamwe. Nikamwambia tuutegeshe. Tuliuchimbia mguu kidogo udongoni, kichwa tukakiegemeza kwenye mti wa mbele, ukakaa umeinama mbele ya kibanda. Mvua ilipita juu yake ikaenda pembeni. Watoto wa kambi waliufanya pa kuteleza, na Papa Lidia aliwafukuza kwa fimbo akiwa anacheka. Jioni aliusogeza, akauweka sawa, akatoa ufunguo aliokuwa ameuvaa shingoni, akafunga kitasa ambacho hakikuwa na kitu cha kuuma.

Nilikuwa namtembelea Jumapili tukitoka misa. Mbao ikikaa imeinama juani inapinda, kwa hiyo nilimfundisha kuigeuza kila wiki, uso wa ndani uangalie nje. Hakusahau hata wiki moja. Nilimpenda yule mtu. Ninyi mnanijua, si kazi yangu kupenda wateja, lakini yule nilimpenda.

Kisha akaanza kukohoa, akalazwa, akarudishwa, akalazwa tena. Mimi nami wakati huo niliumwa mgongo nikakaa nyumbani, Jumapili zikapita. Nilirudi atelie nikiwa natembea kwa fimbo, na siku hiyohiyo Mama Lidia aliingia uani. Wanawake wawili wa kambini walikuwa nyuma yake, wamebeba mlango. Wakauegemeza ukutani, wakarudi kusimama barabarani.

"Nilikuwa napita tu, fundi," akasema.

Hakuna mtu anayepita tu na mlango. Nilijua pale pale. Nikakaa juu ya gogo.

"Karibu, Mama Lidia. Batoto beko?"

"Beko. Ba kwako?"

"Beko."

"Mvua itanyesha?"

"Naona itanyesha."

Aliuangalia mlango kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Hii libuyu, iko na nguvu bado?"

"Iko na nguvu."

"Ikitolewa-tolewa, inaweza kufanya kitu ingine?"

Nilijaribu kumjibu kwa njia yake, kwa kuzunguka. Nilimwambia nyuma ya atelie niko na mbao nyingine, ya mikaratusi, imekauka vizuri, inaweza kufanya kitu ileile. Nilimwambia mlango ukae, safari ya kurudi ni ndefu, mlango utahitajika. Alitikisa kichwa. Akasogea karibu na mlango, akaweka kiganja juu ya mbao, juu kidogo ya kimo chake.

"Alikuwa anafika hapa."

Sikuwa na mita mkononi, na sikuihitaji. Yeye aliacha kiganja pale pale, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema jambo kwa kulinyoosha.

"Fundi, nimechoka kuzunguka. Bwana yangu amekufa. Alibeba hii mulango juu ya kurudi nayo kwake, na harudi tena. Mi siwezi kulala nyuma ya mulango ya mutu hayuko. Umufunge nayo. Aende nayo."

Nililia, vijana. Nililia nikitafuta nyundo, nikalia nikiishika. Niling'oa misumari yangu mwenyewe, niliyoipigilia nikiwa na nguvu za ujana, na mingi ilikuwa inang'aa bado kule ndani ambako maji hayakufika. Mbao za kusimama zilitosha chini, ubavuni na juu. Zile mbili za kulala zilishika kifuniko. Bawaba nilimpa Mama Lidia akiwa bado amesimama pale, na kitasa pia. Ufunguo alikuwa nao tayari shingoni.

Ukabaki mshazari. Aliuokota mwenyewe kwenye takataka za randa.

"Na hii ya kuinama?"

"Sanduku haiombi hii, mama."

Nikamkumbuka Muzee Upio na kicheko chake, na kwa dakika moja nilitaka kuupigilia juu ya kifuniko nisikie nani atacheka. Sikuweza. Mama Lidia aliupitisha mkono juu yake toka ncha hadi ncha.

"Alikuwa anasemaka hii ndiyo inabeba yote."

Ndipo nilimwambia. Nilimwambia kwamba Mungu akijalia warudi, aje na hii mbao moja, na mimi au mtu wangu atautoa humo mlango uleule, urefu wake na upana wake, bila kuiona fremu. Nilimwonyesha kwenye meza jinsi ncha inavyokaa na mbao inavyoinama. Aliangalia kwa muda mrefu. Hakusema kama ananiamini. Alisema tu kwamba kambini hakuna mahali pakavu, na kuni zinakosekana, hata yeye mwenyewe siku moja anaweza kuichoma. Nikamwelewa. Nikachukua msumari, nikaitundika pale mnapoiona.

Tangu hapo hupita. Si kila wiki, lakini hupita. Anasimama mlangoni pa atelie na beseni lake la mboga, wakati mwingine na Lidia ambaye sasa amemzidi kimo, anauliza habari za wajukuu wangu, anauliza mvua. Macho yake yanapanda ukutani, yanashuka, anaaga. Ninyi mnadhani anakuja kuniuzia mboga ya lengalenga.

Sasa nisikilizeni hili la mwisho, ambalo sijamwambia yeye. Mtu aliyepita kule kwao hivi karibuni alikuja kwangu. Nilimuuliza nyumba ile. Alisema haipo. Kuta zimeanguka, fremu ya mlango imechomwa, majani yameota mpaka mtu hawezi kuonyesha pembe ilikuwa wapi. Mlango ule hauna tena mahali pa kuingia, na mimi niliyeahidi kuutengeneza siwezi tena kushika msumeno. Huenda Mama Lidia anajua, kwa maana habari za namna hiyo hufika kambini kabla ya kufika hapa mtaani kwetu Bigo. Hajaniambia, na mimi sijamwambia, na bado anapita.

Mara ya mwisho aliuliza. Alikuwa ameshaaga, akageuka, beseni kichwani, ufunguo shingoni.

"Fundi, ile mbao iko?"

"Iko."

Akaitikia kwa kichwa akaenda zake.

Kwa hiyo vijana, siku nitakapokuwa sipo kwenye hili gogo, atakuja, au Lidia atakuja. Atasema alikuwa anapita tu. Mpisheni aingie, muulizeni watoto, mwambieni mvua. Akiuliza kama iko, semeni iko. Na iwe kweli iko.